Adrian Atiman, Mtumwa Aliyekuwa Mganga wa Karema



Mtu anayepita sokoni Likasi wakati wa jioni huwaona watoto wasio na mtu. Baadhi yao wamefiwa na wazazi. Wengine wana wazazi walio hai, lakini wamefukuzwa nyumbani kwa sababu walishtakiwa uchawi siku ya msiba. Hulala chini ya vibanda. Mchana hubeba mizigo ya watu, au huosha mawe ya shaba kwa malipo kidogo. Kitu kikiibwa, wao ndio wa kwanza kushikwa. Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini je, yule asiyelelewa na mtu, atakuwa nani?

Leo tutasimulia maisha ya mmoja aliyekuwa mtoto wa namna hiyo. Hakuwa mtu wa Katanga, ila alifanya kazi maisha yake yote kando ya ziwa letu la Tanganyika, ng'ambo ya mashariki, mahali paitwapo Karema. Jina lake ni Adrian Atiman.

MTOTO ALIYEUZWA

Atiman alizaliwa kama mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto mkubwa Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo aliponyakuliwa na Watuareg, watu wa jangwani waliozoea kuteka watoto na kuwauza. Aliuzwa Timbuktu, kisha akachukuliwa na msafara wa ngamia kuvuka jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Safari hiyo ni ya miezi, siyo ya siku. Mchana jua huchoma mchanga, usiku baridi huingia mifupani, na kutoka kisima hata kisima ni mwendo wa siku nyingi. Mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa nyuma, wala msafara haukumngojea.

Hata mwisho wakafika Metlili, mji mdogo wenye mitende kusini mwa Algeria. Huko Mapadri Weupe walimwona, wakamnunua ili awe huru.

Hapa tusimame kidogo tuangalie jambo moja. Algeria ilikuwa chini ya Wafaransa, na sheria ya Ufaransa ilikuwa imekataza utumwa tangu mwaka 1848. Basi kumuuza mtoto yule lilikuwa kosa kwa sheria. Walakini biashara iliendelea kule jangwani, mbali na macho ya waamuzi, na wauzaji walirudi kwao na mali zao. Aliyefungwa kamba ni mtoto asiyekosa neno. Waliotenda uovu walitembea huru. Tukisema habari za wahalifu wa zamani zile, yafaa tukumbuke ni nani hasa aliyekuwa mhalifu.

WATU WALIOTUPWA

Miaka ile huitwa na wengi miaka ya Malkia Victoria, kwa maana malkia huyo alitawala Uingereza tangu 1837 hata 1901. London ulikuwa mji wenye mali kuliko miji yote ya dunia, na papo hapo ulijaa maskini. Kwa sheria ya mwaka 1834, maskini aliyetaka kusaidiwa alipaswa kuingia katika nyumba ya kazi, na mle ndani mume alitengwa na mkewe, na wazazi wakatengwa na watoto wao. Mtoto aliyeiba kitu cha thamani ndogo aliweza kufungwa gerezani. Hivyo hata katika nchi zenye utajiri walikuwako watu waliohesabiwa kuwa takataka.

Katika Algeria yenyewe njaa kali na kipindupindu viliua watu wengi mwaka 1867 na 1868. Askofu mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alikusanya yatima zaidi ya elfu moja waliobaki njiani, na mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadri Weupe. Basi shirika hilo lilizaliwa kati ya watoto waliotupwa.

Na kwetu je? Kaskazini mwa Likasi kuna Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi akatawala nchi kubwa hata alipouawa mwezi wa Desemba mwaka 1891. Kutoka Bunkeya misafara ilichukua shaba, pembe za ndovu na watumwa. Mingine ilikwenda magharibi kuelekea Benguela, mingine mashariki kuelekea ziwa Tanganyika na pwani. Iliporudi ilileta bunduki, baruti, vitambaa na ushanga. Wengi waliouzwa walitekwa vitani. Lakini wengine waliuzwa na watu wa kwao: huyu kwa deni la mjomba wake, yule kwa sababu ya njaa, na mwingine kwa kuwa alishtakiwa uchawi. Tena walifungwa kongwa shingoni, wakatembea.

Katika desturi za wazee wetu mtu ni mtu kwa sababu ana ndugu. Akishtakiwa, ndugu humtetea. Akioa, ndugu humtolea mahari. Akifa, ndugu humlilia. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa katika ndugu zake wote. Njaa na fimbo huumiza mwili, lakini jambo hilo ndilo lililofanya utumwa kuwa kama kifo.

KUKOMBOLEWA HAKUTOSHI

Mapadri walipomnunua Atiman, kamba zake zilifunguliwa. Lakini je, alipata ndugu? Kumrudisha kwao haikuwezekana. Mwaka 1876 mapadri watatu walishika njia ya jangwani kuelekea Timbuktu, wakauawa njiani. Mwaka 1881 watatu wengine waliuawa vilevile. Njia ya kurudia nyumbani ilikuwa imefungwa kwa damu. Akabaki mtoto huru asiye na kwao.

Tena yatupasa kusema kweli juu ya desturi ile ya kununua watumwa ili kuwakomboa. Ilitoka katika huruma, na kwa mtoto aliyenunuliwa ilikuwa uzima. Hata hivyo fedha zilizolipwa ziliingia mkononi mwa mwuzaji, naye akaweza kwenda kutafuta wengine. Wamisionari wenyewe walilijua jambo hilo, nalo liliwasumbua. Lavigerie aliona kwamba mnunuzi mwema hamalizi soko baya. Ilihitajika soko lenyewe lifungwe, na mtoto aliyekombolewa apewe kitu kilicho kikubwa kuliko chakula na nguo.

Kitu hicho ni kazi itakayowafanya watu wamhitaji. Lavigerie alifikiri kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Mzungu atakaa miaka michache, homa itamwua. Lakini Mwafrika aliyejifunza uganga, anayekula chakula cha wenyeji na kukaa nyumba kama zao, ataingia kila mlango, maana kila nyumba ina mgonjwa wake. Kwa ajili hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta. Vijana waliokombolewa utumwani walipelekwa huko wajifunze dini na utabibu pamoja. Chuo hicho hakikudumu muda mrefu, na waliomaliza masomo walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Atiman. Alikuwa amebatizwa, akapewa jina la Adrian. Lakini jina la kwao, Atiman, hakuliacha, na hata leo ndilo watu wanalomkumbukia.

Fikirini, wasomaji: kijana yule aliyehesabiwa miongoni mwa bidhaa za jangwani, pamoja na chumvi na ngozi, sasa alifundishwa jinsi mifupa ya mwanadamu ilivyopangwa, na jinsi ya kufunga kidonda kisioze. Ni mwili uleule ambao wauzaji waliupapasa kupima bei yake. Yeye alifundishwa kuupapasa ili auponye.

SAFARI YA KAREMA

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka mkubwa katika habari za utumwa. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazil kuulaani utumwa. Kardinali Lavigerie alihubiri Paris siku ya kwanza ya Julai, na mwisho wa mwezi huohuo akasema mbele ya watu wengi London, akiwaeleza vijiji vilivyochomwa moto na njia zilizojaa mifupa. Kutokana na mahubiri hayo, pamoja na juhudi za wengine, mataifa yalikutana Brussels mwaka 1889 na 1890 kutafuta namna ya kuikomesha biashara hiyo.

Katika mwaka huohuo Kardinali aliposema Ulaya, Atiman alipanda merikebu kwenda Unguja, kisha akashika njia ya bara pamoja na mapadri. Wapagazi walibeba mizigo, na miongoni mwa mizigo yalikuwamo madawa yake. Angalieni jambo hili: njia waliyoifuata ilikuwa njia ileile ya misafara ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini barani watu waliendelea kukamatwa na kuuzwa. Mtu aliyevushwa jangwa akiwa amefungwa kamba sasa aliikanyaga barabara ya kongwa kwa hiari yake, akielekea kule watumwa walikotoka.

Mwaka 1889 alifika Karema. Mahali hapo palikuwa na boma lililoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 boma hilo, pamoja na lile la Mpala lililo ng'ambo ya magharibi, lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Upande wa Mpala alikaa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyefika mwaka 1887, akiwafundisha watu kujilinda na watekaji. Kwa hiyo Karema na Mpala zilikuwa kama nguzo mbili za mlango mmoja, na ziwa kati yake.

KIJIJI CHA WASIO NA NDUGU

Kando ya boma walikaa watu wa kila kabila. Walikuwako yatima walionunuliwa katika misafara, wanawake waliotoroka mabwana zao, wanaume waliobaki peke yao baada ya vijiji vyao kuchomwa. Huyu alisema lugha ya Manyema, yule ya Katanga, mwingine ya Ufipa. Na Kiswahili kikawa daraja lao. Mapadri waliwapa mashamba, wakawaozesha wao kwa wao, wakawawekea amri kali. Maisha hayo hayakuwa uhuru kamili kama tunavyouelewa leo, maana watu walikaa chini ya mkono wa misioni katika mambo mengi. Lakini huko nje watekaji walikuwa bado wanazunguka, na mtu pweke asingekaa siku nyingi bila kukamatwa tena.

Wabende, wenyeji wa nchi ile, walikuwa na koo zao na mababu zao. Waliwatazama wale wa misioni kama watu wasio na mizizi. Atiman naye alikuwa mmoja wa wasio na mizizi, tena mgeni kuliko wote, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali kuliko kwa wote. Lakini mgonjwa haulizi ukoo wa mtu anayemletea dawa. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa, mvuvi aliyeumwa na mamba, mzee mwenye kidonda kilichokaa miaka, hao wote waliujua mlango wa Atiman. Yule aliyekuwa hana ndugu akawa mtu ambaye kila ukoo ulimhitaji.

Hata ndoa yake ilionyesha hivyo. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende. Mtumwa hakuweza kuoa katika nyumba ya mtawala, kwa maana hakuwa na wa kumsemea. Atiman alisemewa na kazi yake. Mtoto wao Joseph baadaye alipewa daraja takatifu, akawa padri. Hivyo yule aliyenyang'anywa baba na mama yake akawa mwenyewe mwanzo wa ukoo.

KAZI YA MIAKA SITINI NA SABA

Atiman alikaa Karema tangu 1889 hata alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67. Katika miaka hiyo serikali zilibadilika. Wajerumani walikuja wakatawala. Vita ya 1914 hadi 1918 ilifika mpaka ziwani, ambako meli zao zilipigana na zile za Wabelgiji na Waingereza. Kisha Waingereza wakaitawala Tanganyika. Sheria ya utumwa nayo ilibadilika polepole. Wajerumani hawakuufuta wote mara moja, ila waliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Mwisho wake ulikuja mwaka 1922 kwa sheria ya Waingereza. Kwa hiyo Atiman alikuwa ameponya wagonjwa zaidi ya miaka thelathini kabla sheria ya nchi ile haijatamka wazi kwamba hakuna mtu awezaye kumilikiwa na mwenzake.

Magonjwa ya ziwani yalikuwa mengi: homa, ndui, kuhara, vidonda, na mwanzoni mwa karne ya ishirini malale, yaliyoua watu wengi katika pwani zote mbili za Tanganyika. Madawa ya Ulaya yalichelewa kufika, na mara nyingine hayakufika. Atiman alitumia yale aliyojifunza Malta, na pia alichunguza mizizi na majani ya wenyeji, akapokea yaliyofaa. Hakuwadharau waganga wa kienyeji wala hakuamini kila walilolisema. Aliangalia matokeo kwa macho yake.

Alikuwa pia katekista. Kazi hizo mbili hakuzitenganisha. Alipomhudumia mgonjwa alimfundisha, na alipomwona mgonjwa yu karibu kufa alimkalia mpaka mwisho asife peke yake. Pengine hilo ndilo alilolijua kuliko mapadri wenyewe, kwa sababu katika utoto wake alikuwa ameziona njia ambazo watu hufa bila kukaliwa na mtu.

Alipokuwa mzee aliandika kumbukumbu za maisha yake, nazo zikapigwa chapa huko Tanganyika mwaka 1946. Leo jina lake lipo juu ya hospitali katika mji wa Sumbawanga, na juu ya nyumba ya Mapadri Weupe katika Dar es Salaam. Waliomteka hakuna awakumbukaye hata kwa jina moja.

TUJIFUNZE NINI?

Wengine watasema: Atiman alikuwa mtu wa pekee, si kila mtoto aliyetupwa anaweza kuwa mganga. Ni kweli. Katika msafara ule wa jangwani walikuwako watoto wengine, na wao waliuzwa penginepo wakapotea. Lakini siku ile Metlili hakuna aliyeweza kusema ni yupi kati yao atakayekuwa mganga. Wote walikuwa na vumbi lilelile, na njaa ileile, na woga uleule. Anayetafuta kwanza kuona kama mtoto anafaa ndipo amsaidie, huyo anapima kama mwuzaji sokoni.

Tena tumeona kwamba kumfungua mtu kamba ni mwanzo tu. Mtoto wa sokoni akipewa mkate leo, kesho ana njaa tena. Akipewa mkate pamoja na dharau, atajifunza dharau. Atiman alipewa vitu vitatu: mafundisho ya kweli, kazi yenye heshima, na mahali ambapo watu walimngojea. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyomrudishia ule utu ambao watekaji walifikiri wameuza.

Na neno la mwisho ni juu ya wale wanaomfukuza mtoto kwa jina la uchawi. Zamani mshtakiwa wa uchawi aliuzwa kwa msafara, na ndugu zake wakapokea kitambaa. Leo msafara haupo, ila mtoto hutolewa nje vilevile, mlango ukafungwa. Tunawalaani watekaji wa Timbuktu na wafanya biashara wa Bunkeya. Tuangalie nasi tusije tukawa tunaifanya kazi yao bila hata kulipwa.

Mtu akipita sokoni jioni, na amtazame usoni mtoto aliyelala chini ya kibanda, na amwulize jina lake. Atiman aliipata njia yake kwa kuwa siku moja katika Metlili watu walisimama, wakamtazama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini mtumwa aliyefunguliwa kamba alikuwa bado hajapata uhuru wote?

2. Kazi ya uganga ilimsaidiaje Atiman kupata ndugu katika nchi ya ugeni?

3. Katika mtaa wetu ni nani asiye na mtu wa kumsemea? Tumsaidieje apate mafundisho, kazi na mahali pa kukaa?